Kukagua na Kutuza: Historia Fupi ya Jicho la Jaji

Tarehe 1 Juni 2024, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Bungoma, katika Uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi. Kama ada ya sherehe hizo, gwaride la heshima lilimsubiri rais alikague. Hebu sikiliza hilo neno. Kukagua ni kazi ya mwalimu wa zamu anayetazama kucha za wanafunzi asubuhi, ya afisa wa afya anayeingia jikoni mwa hoteli, ya mhasibu anayepekua risiti. Mkaguzi haji kufurahishwa. Anakuja kutafuta kifungo kilicholegea.

Sasa toka uwanjani uende harusini, hapo hapo Bungoma. Bendi ya matarumbeta imesimama kando ya hema. Mpigaji anavuta sauti moja mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na shangazi wa bwana harusi anashindwa kukaa. Anainuka, anacheza mpaka mbele yake, anambandika noti ya mia kwenye paji la uso. Hiyo nayo ni hukumu, tena ya papo hapo. Lakini hakuna atakayesema shangazi amekagua. Tunasema ametuza.

Mimi naishi katikati ya maneno hayo mawili. Nafundisha ngoma za bendi katika shule kadhaa kati ya Kitale na Bungoma, na mara mbili tatu kwa mwaka naombwa kukaa meza ya majaji vijana wanaposhindana. Malipo ni nauli, chai na chapati. Unapewa kalamu na fomu, na fomu zenyewe hufanana sana: sare, mstari, hatua, nidhamu, muda. Kila bendi inaingia na alama zake zote mkononi, halafu wewe unaanza kuzitoa moja moja. Kofia imeanguka, toa. Mguu umekosea, toa. Shangazi hana safu yake kwenye fomu.

Nikaanza kujiuliza fomu hiyo ilitoka wapi. Kumbe safari yake ni ndefu: inapitia kilima kimoja Webuye, barabara za Mombasa, vita vya dunia, na uwanja mmoja huko Wisconsin, Marekani.

Mstari ulipokuwa silaha

Tuanzie nyumbani. Mwaka 1895 kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Charles Hobley kiliwapiga Wabukusu kwanza Lumboka, kisha katika ngome ya Chetambe, juu ya kilima unachokiona ukipita Webuye. Wabukusu walikuwa na mikuki, ngao na kuta za ngome yao. Upande wa pili, pamoja na wasaidizi kutoka jamii nyingine, kulikuwa na askari Wasudani waliofunzwa kusimama, kulenga na kufyatua bunduki kwa amri moja. Yaani watu wa Bungoma walipokutana na kwata mara ya kwanza haikuwa burudani.

Na kwata ilizaliwa kwa kazi hiyo. Bunduki za zamani za Ulaya zilikuwa na shabaha mbovu na zilichukua muda kujazwa, kwa hivyo askari walipangwa bega kwa bega wafyatue pamoja, na ngoma ndiyo iliyowaambia lini watembee na lini wasimame. Aliyechelewa hatua moja aliacha pengo, na pengo lilileta kifo. Ofisa aliyepita mbele ya mstari ule alikuwa na haki ya kuhesabu makosa tu. Hakuna aliyehitaji askari mwenye madoido.

Mwaka 1902 King's African Rifles ilipoundwa, jicho hilo la ofisa likapata makao ya kudumu Afrika Mashariki. Shule nazo zikalirithi. Ndiyo maana mpaka leo mkusanyiko wa asubuhi shuleni unaitwa gwaride, na ndiyo maana mwanafunzi akichomoza tumbo mstarini anaitwa mbele. Hakuna vita, hakuna bunduki, lakini pengo bado ni dhambi.

Pwani wakaigeuza

Pwani walikuwa na mawazo mengine kuhusu kwata. Tangu miaka ya 1890, katika miji kama Lamu na Mombasa, watu walianza kucheza beni. Jina lilitokana na bendi za Wazungu, na vifaa pia: tarumbeta, ngoma kubwa, sare, saluti, vyeo. Wanachama walijipa ufalme, ujenerali na ugavana ambao serikali isingewapa hata kwa ndoto. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975, na alikataa kabisa wazo kwamba hao walikuwa watu wa kuiga Wazungu tu. Miji ya Waswahili ilikuwa na mashindano ya mtaa kwa mtaa tangu zamani. Beni ilikuwa vazi jipya la ugomvi wa siku nyingi.

Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, na hao Scotchi walivaa sketi za mistari kama askari wa Uskoti. Piga picha: jua la Mombasa, sketi nzito, na barabara imejaa watu wanaosubiri kuona wapinzani watajibu nini.

Hapo jaji alikuwa nani? Barabara yenyewe. Ulishinda kwa sare ambayo wenzako hawajaiona, kwa mzunguko ambao haukutarajiwa, kwa wimbo wa kuchoma, kwa karamu ya kulisha watu. Beni ilibaki na mstari na saluti za ofisa, lakini swali lilibadilika. Ofisa aliuliza, "Nani amekosea?" Barabara iliuliza, "Nani ametuacha midomo wazi?"

Tusiipambe sana, lakini. Barabara ni jaji mwenye upendeleo. Amezaliwa mtaa fulani, ana shemeji katika kikundi fulani, na macho yake hufuata pesa. Mashindano ya Lamu yalifikia mahali pa watu kuteketeza mali ili wasishindwe na jirani. Kama umewahi kuona shule yenye basi jipya ikipigiwa makofi kabla haijapiga hata ngoma moja, unajua tabia hiyo haijafa.

Vita vile vile, watoto watatu

Halafu vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na hapa ndipo hadithi ya Kitale inapoungana na ya Marekani.

Vita hivyo viliwasomba watu wetu kwa maelfu kama askari na wapagazi. Mtaa wa Kariokor, Nairobi, bado umebeba jina la kikosi cha wapagazi. Kambini beni ilienea kwa kasi. Askari walioipata pwani waliibeba hadi bara, na vyama vikubwa viwili, Marini na Arinoti, vikawa na matawi mji baada ya mji kule Tanganyika na kwingineko. Marini walijiona watu wa hali ya juu, wa pwani na wa mji. Arinoti ikawa kimbilio la wenye kazi za jasho waliotoka bara. Maofisa wa kikoloni waliona vyama vyenye vyeo vya kijeshi na mawasiliano ya mbali, wakaanza kukosa usingizi.

Mtoto wa pili alizaliwa Marekani. Wanajeshi waliorudi nyumbani waliunda American Legion mwaka 1919, na matawi ya chama hicho yakaanzisha vikosi vya ngoma na baragumu, mara nyingi kwa vyombo vilivyobaki jeshini. Miaka ya 1920 wakaanza kushindana. Tazama ulivyo ukoo mmoja: mwanajeshi wa Ohio na askari wa Dar es Salaam, wote wametoka vita vile vile, wote wanataka kutembea tena na ngoma lakini safari hii bila kufa.

Mtoto wa tatu ni Kitale. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi Waingereza waliopigana, na Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya ardhi hiyo. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mji wa walowezi ukakua ukiwa na klabu yao na desturi zao. Desturi moja iliyotubakia ni maonyesho ya kilimo. Mama wa maonyesho hayo, chama tunachokiita leo Agricultural Society of Kenya, kilianza mwaka 1901. Kwenye maonyesho, jaji anamzunguka fahali, anatazama mgongo, miguu na kwato, kisha anatoa utepe. Ukienda uwanja wa maonyesho wa Kitale unaweza kuona bendi ya shule ikiingia uwanjani muda mfupi baada ya ng'ombe kutoka. Usishangae sana tukitazamwa kwa jicho lile lile.

Tiki ya kukosa

Wamarekani waliichukulia kazi ya kuamua kwa uzito kuliko sisi sote, kwa hivyo makosa yao na marekebisho yao yanafundisha.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya alama zao ilitegemea mfumo wa tiki. Sisi shuleni tiki ni ya kupata, bana. Yao ilikuwa ya kukosa. Kikundi kilianza na alama kamili za utekelezaji, na kila kosa alilolinasa jaji liliondoa sehemu ya kumi ya alama. Kijiti kimechelewa, tiki. Kisigino kimetoka nje ya mstari, tiki. Majaji walizunguka uwanjani katikati ya wachezaji wakiwa na vibao vyao, kama maofisa wa jeshi, na wengi wao kweli walikuwa wametoka katika utamaduni wa jeshi.

Mwaka 1972 vikundi vya vijana vilifanya mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Drum Corps International, chombo walichokiunda wenyewe, huko Whitewater, Wisconsin. Tiki iliendelea kwa muda. Shida yake ilionekana taratibu. Ukiandika mchezo mgumu, unajipandia nafasi za kukosea. Ukiandika mchezo mwepesi, unalala salama. Mfumo ambao kazi yake ni kuhesabu makosa hauna mkono wa kuushika ujasiri.

Msimu wa 1984 tiki ikaondolewa. Badala ya kuanza juu na kushuka, majaji wakaanza chini na kupanda: hiki nimekiona, kinastahili hiki. Watu hupenda kusema mabadiliko hayo ndiyo yaliyoleta ubunifu, lakini historia ina utundu wake. Garfield Cadets wa New Jersey, ambao mchoraji wao George Zingali aliwapindisha kutoka mistari ya kijeshi na kuwapeleka kwenye mikunjo inayotiririka uwanjani, walishinda ubingwa mwaka 1983, tiki ikiwa bado ipo, kisha wakashinda tena 1984 na 1985. Wachezaji walitangulia. Fomu ilikimbia nyuma yao ikihema.

Leo alama zao 100 zimegawanywa hivi: 40 ni za athari ya jumla, 30 za mwonekano, 30 za muziki. Ndani ya mwonekano kuna jaji wa ustadi, anayemtazama mchezaji mmoja mmoja: mkao wa mwili, mguu, muda. Kuna jaji wa uchanganuzi, anayekaa juu na kusoma mchoro mzima. Kuna jaji wa wacheza bendera. Wa athari ya jumla anauliza jambo ambalo shangazi wa harusini angelielewa: je, nimeguswa, na nimeguswa na nini? Hakuna kikundi kilichowahi kuzidi 99.65, alama walizopata Blue Devils wa California mwaka 2014.

Kuna mambo mawili katika mfumo huo ninayoyaonea wivu, na hakuna hata moja linalohitaji dola. La kwanza, kila fomu ina nusu mbili: umejaribu nini, na umekifanya vizuri kiasi gani. Aliyejaribu kidogo akafanya vizuri na aliyejaribu kikubwa akayumba hawatupwi kwenye kapu moja. La pili, jaji huongea. Anarekodi sauti yake mchezo ukiendelea, na kikundi kinapewa kuisikiliza baadaye. Jaji hawezi kujificha nyuma ya namba.

Huku kwetu macho yalikuwepo

Usije ukadhani magharibi mwa Kenya tulisubiri Wisconsin itufundishe kutazama. Tulikuwa tunatazama.

Chukua tohara ya Wabukusu, Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili. Kijana anazunguka kwa jamaa zake kuwaalika, chinyimba mikononi zikilia, kundi likimfuata kwa nyimbo. Anapokelewa, anakemewa, anapewa maneno makali ya kumpima. Asubuhi ya siku yenyewe msafara unatoka mtoni naye kapakwa matope, na kila anayemwona njiani ana maoni: anavyotembea, anavyotupa mikono, macho yake yako wapi. Uwanjani kwa baba yake atasimama bila kupepesa. Hakuna mtu mwenye kalamu, ila ubora wa utendaji unapimwa pale kwa ukali ambao hakuna jaji wa bendi anaoweza kuufikia. Mtu mzima wa miaka 60 bado anaweza kuambiwa alivyosimama siku ile.

Chukua kamabeka, ngoma ya mabega. Jina lenyewe ni mabega, Kiswahili na Kibukusu hapo ni ndugu wa karibu. Miguu inakaa karibu na ardhi, kazi yote iko juu. Bega linatetemeka kwa mdundo uliogawanyika vidogo vidogo mpaka jicho linaona jambo ambalo sikio bado linalitafuta. Wamarekani wanalipa watu kubuni mwonekano unaokubaliana na muziki kiasi hicho.

Na kuna Jumapili. African Israel Nineveh Church, iliyoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942 huko Vihiga, huenda kwa misafara: mavazi meupe, vilemba, bendera, ngoma, barabara nzima. Waumini hawashindanii kombe, kwa hivyo sitawapa alama. Nataja jambo moja tu: msafara wao hauna mbele kwa ajili ya mgeni wa heshima. Ukiwa kando ya barabara, duka la vipuri au kibanda cha mahindi, umepewa sura ile ile. Ongeza bendi za Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka 1921 na kuzoesha masikio yetu kwa shaba, na utaelewa kwa nini mtoto wa Kimilili au Kiminini akikabidhiwa ngoma tayari ana maktaba kichwani.

Kisha tukamwingiza kwenye mashindano. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, enzi za ukoloni, na desturi za mezani kwake zilitoka Uingereza: mwamuzi, karatasi, jukwaa, dakika zilizopimwa. Tamasha hilo limetuzalia wanamuziki wa kila aina na silidharau. Ila ngoma za duara zilipofika jukwaani zilibidi zifunguke upande mmoja, uso kwa meza. Bendi za vijana zinapoandaa mashindano yao huazima meza hiyo hiyo, na kuongeza juu yake jicho la ofisa wa kwata.

Bendi yenye ngoma tatu

Wacha nikuambie nilichokiona, kwa sababu bila hicho haya yote yangebaki story za vitabuni.

Siku hiyo sikuwa jaji. Wanafunzi wangu walikuwa wanashiriki, kwa hivyo nilikaa na umati. Ikaingia bendi ya shule moja ya kutwa kutoka upande wa Bungoma: ngoma ndogo mbili, ngoma kubwa moja yenye kiraka, tarumbeta chache, sare za kushonwa upya kutoka sweta za shule. Hawakuingia kwa mstari. Waliingia kama kundi linalotoka mtoni, wamebanana, na katikati yao ngoma kubwa inagonga polepole. Walipofika katikati ya uwanja kundi likafunguka kama mkono. Ngoma zikanyamaza. Zikanyamaza kabisa, na mabega yakaendelea. Mapigo manne bila sauti, kisha manane, vijana ishirini na kitu wanautunza mdundo kwa mabega tu, na umati mzima ukausikia. Ngoma kubwa iliporudi, iliangukia mahali hasa ambapo kila mtu alikuwa ameiweka kichwani mwake. Watu walisimama. Mama mmoja mbele yangu alishika kichwa kama mtu aliyeona goli.

Wakifunga, kijana mmoja akatangulia kwa pigo moja. Mstari wa mwisho ukapinda. Kofia mbili zilikuwa zimeanguka wakati wa mabega.

Iliyoshinda ilitembea mbele, ikageuka, ikarudi, ikasimama. Ilikuwa safi na sina ugomvi nayo. Wale wa mabega waliondoka wakiwa karibu na mkia, na karatasi yenye namba. Mwaka uliofuata hawakuja. Mwalimu wao aliniambia ngoma zimefungiwa stoo; mkuu wa shule alisoma namba, akaona bendi ni aibu na gharama. Angesoma nini kingine? Kwenye karatasi hakukuwa na neno hata moja.

Hapo ndipo swali la fomu lilipoacha kuwa la historia tu kwangu. Bendi ilikufa kwa sababu aina moja ya jicho ilikuwa na kalamu na aina nyingine ilikuwa na makofi pekee.

Sitaki kuwadharau majaji wenzangu. Najua kwa nini tunapenda makosa. Matokeo yakisomwa, walimu wanakuja mezani na fomu imekunjwa mkononi, na unahitaji kitu cha kuonyesha. Kofia iliyoanguka inaonyeshwa. Kimya cha mapigo manane utakionyesha vipi? Tena makosa yana haki yake: kofia ya shule tajiri na ya shule maskini huanguka sawasawa, ilhali athari hudanganywa kirahisi na sare mpya na tarumbeta zinazong'aa. Barabara ya Mombasa ilitufundisha hilo. Mtu akiniambia tutupe safu ya makosa, nitakataa.

Ninachosema ni kwamba kosa lisomwe pamoja na kilichojaribiwa. Kofia zile mbili zilianguka kwa sababu mabega yalifanya kazi. Pigo lililotangulia lilitoka kwa kijana aliyekuwa ameshika mdundo bila ngoma muda mfupi kabla. Ukiondoa alama bila kuandika hayo umefanya kazi ya ofisa kikamilifu, lakini hujamwona mchezaji.

Na kuona kunategemea umekaa wapi. Meza zetu huwekwa chini ya hema la wageni, usawa wa nyasi. Kutoka pale unaona safu ya kwanza vizuri mno, mpaka soksi. Safu ya nne ni vichwa. Mshazari hauonekani, duara linageuka mstari mnene, na lile kundi lililofunguka kama mkono lilionekana mezani kama fujo iliyotulia. Sisi tuliokuwa juu ya tuta tuliuona mkono. Hiyo ndiyo sababu Wamarekani wanamweka jaji mmoja karibu na mchezaji na wengine juu: ustadi wa mguu unaonekana chini, mchoro unaonekana juu, na hakuna binadamu mwenye macho mahali pote pawili.

Kwa hivyo sasa nikiitwa mezani, nafanya mambo matatu. Nachora mstari katikati ya fomu yao, kushoto naandika walichojaribu, kulia walivyokifanya. Narekodi sauti kwa simu yangu, dakika zote za mchezo, na kumtumia mwalimu wa kila bendi jioni ile ile, ili mkuu wa shule asiye na muda wa uwanjani awe na kitu cha kusikiliza kabla hajaitisha funguo za stoo. Walimu wawili wamelalamika kwamba naongea sana. Mmoja ameomba nimtumie tena, ya kwanza ilipotea pamoja na simu.

La tatu ni kiti. Juzi niliomba meza yangu ihamishwe ipande juu. Mwandalizi aliangalia hema, akaangalia viti vya wageni vilivyofungwa kitambaa, akaniambia haiwezekani, itifaki haitakubali. Kisha akanionyesha lori lililoleta viti, limeegeshwa upande wa pili wa uwanja, tupu. Akasema nikitaka naweza kupanda pale, ila chai haitanifikia.

Nilipanda.